Mfuko wa kulalia mdogo, mwepesi na wa bei nafuu: nichukue upi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nimeanza kutembea milimani na kupiga kambi, safari za siku mbili tatu, kila kitu mgongoni. Shanta langu ni la lita 38. Huko usiku baridi hushuka mpaka nyuzijoto 6 hivi. Mimi ni mwanamke mwembamba na baridi hunikamata mapema kuliko wenzangu. Nimeona mifuko miwili ya kulalia. Wa kwanza ni wa poliesta, gramu 900, umeandikwa nyuzijoto 5 chini ya sifuri, na ukikunjwa ni mdogo ajabu. Wa pili ni wa manyoya ya bata, gramu 780, umeandikwa nyuzijoto 4 tu, na bei yake ni karibu mara mbili. Kwa macho yangu wa kwanza una joto zaidi na ni nafuu zaidi. Chini huwa natandika mkeka wa mazoezi. Nichukue upi? Na je, ni kweli mfuko ukiachwa umebanwa muda wote unaharibika?

Jibu: Dada, hesabu yako haina kosa, lebo ndiyo iliyokupiga chenga. Namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja, na ukizilinganisha kama ulivyofanya utanunua mfuko wa kukufanya ukeshe ukitetemeka.

Mifuko iliyopimwa maabara hufuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 23537, iliyorithi nafasi ya ile ya Ulaya, EN 13537. Wanachukua sanamu lenye umbo la mtu, lenye vipasha joto na vipimajoto mwili mzima, wanalivika nguo nyepesi za ndani, wanaliingiza ndani ya mfuko na kulilaza juu ya godoro katika chumba chenye baridi. Kisha wanapima umeme unaotumika kulifanya libaki na joto la mwili. Kutokana na kipimo hicho hupatikana namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe: hali ya hewa ambayo mwanamke wa wastani atalala amejinyoosha bila kusumbuliwa na baridi. Ya pili ni ya ukomo: mwanamume wa wastani, akiwa amejikunja, anaweza kupitisha saa 8 bila baridi kumwamsha. Ya tatu ni ya hatari: mwanamke wa wastani anaweza kukaa humo saa 6 bila kufa kwa baridi. Bila kufa tu, dada. Usingizi haumo katika ahadi hiyo, na vidole kuumizwa na baridi kunaruhusiwa.

Kati ya namba ya starehe na ile ya hatari mara nyingi kuna pengo la nyuzijoto 15 mpaka 20. Sasa rudi kwenye mfuko wako wa kwanza. Poliesta ya gramu 900 yenye starehe ya nyuzijoto 5 chini ya sifuri haiwezekani. Mfuko wa namna hiyo ungekuwa na kilo 2 hivi na ungekula nusu ya shanta lako. Kwa hiyo aliyeandika lebo kwa herufi kubwa amechukua namba ya hatari akaiweka mbele kana kwamba ndiyo sifa ya bidhaa. Ongeza 15 juu ya hiyo 5 ya chini ya sifuri, unapata starehe ya nyuzijoto 10, na hapo ndipo mifuko ya uzito huo inapoangukia kwa kawaida. Wewe unalala kwenye 6, na unasema baridi hukukamata mapema. Huo si mfuko wako.

Wa pili una uwezekano wa kuwa mkweli: mfuko wa manyoya wa gramu 780 na nyuzijoto 4 ni mambo yanayoendana. Lakini kabla ya kulipa geuza lebo utazame namba zote tatu. Kama 4 ndiyo ya juu kabisa kati ya hizo tatu, hiyo ni ya starehe, na mfuko unakufaa. Kama 4 ipo katikati, basi hiyo ni ya ukomo na starehe yake iko 8 au 9, na hapo usikubali kulipa mara mbili. Kama lebo ina namba moja tu na hakuna mahali pengine palipotajwa kanuni ya upimaji, namba hiyo ichukulie kama porojo ya muuzaji, na mfuko uupime kwa uzito wake na unene wa kujaa kwake.

Huenda ukajiuliza kwa nini nisikuambie ununue wa starehe ya 6 na kuishia hapo, maana ndiyo baridi unayoitaja. Baridi ya usiku haikai mahali pamoja. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5, kwa hiyo kambi ya mita 400 juu ya ile ya jana tayari imekula nyuzijoto 2 na nusu. Tena hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni kama maji. Niliwahi kupiga hema kando ya kijito kwa sababu palikuwa tambarare na pazuri kwa macho. Usiku wa manane nilishindwa, nikabeba mfuko na mkeka nikapanda mteremko hatua chache tu mpaka chini ya miti, na huko nikalala. Kijito kiligusa mifupa yangu, mteremko ulinisamehe. Kwa hiyo toa nyuzijoto 2 mpaka 4 chini ya baridi unayotarajia. Kwako tafuta starehe kati ya 2 na 4, na nguo kavu za kulalia ziongeze kidogo pale inapobidi.

Nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza sana ila ndilo lililonitia wasiwasi kuliko lebo: mkeka wa mazoezi. Mfuko wa kulalia hauzalishi joto. Unachofanya ni kushika hewa iliyotulia ndani ya ujazo wake ili joto la mwili wako lisitoroke. Ukishalala, uzito wako unashindilia ujazo wote ulio chini ya mgongo na makalio, hewa inatoka, na chini yako kunabaki vitambaa viwili vilivyogusana. Manyoya ya bei mbaya kuliko yote yakilaliwa ni sawa na shuka. Kinga ya upande wa chini ni kazi ya kitandiko, na lile sanamu la maabara hulazwa juu ya kitandiko kizuri. Namba ya starehe kwenye lebo imeshahesabu kwamba unacho.

Vitandiko hupimwa kwa kipimo cha R. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo joto linavyopenya polepole. Tangu mwaka 2018 kipo kipimo kimoja cha kulinganishia, ASTM F3340, na watengenezaji wakubwa wengi wanakifuata. Mkeka wa mazoezi umetengenezwa kwa ajili ya kushika sakafu na kulinda magoti. Ni mzito kwa kazi yake na kinga yake kwa ardhi baridi ni ndogo. Kitandiko cha povu lililofungwa vijumba vya hewa, kile kinachokunjwa kama feni ya karatasi, huwa na R ya 2 hivi kwa gramu 400 tu, hakipasuki, ni rahisi, na unakifunga nje ya shanta. Godoro jembamba la kujazwa hewa lenye kinga ndani hufika 3 au 4 na hukunjwa likawa dogo kama chupa ya maji, ila bei hupanda, na mwiba mmoja unatosha kukulaza chini. Kwa nyuzijoto 6 na mwili wako nataka uwe na R ya 3. Namba za R hujumlishwa, kwa hiyo ukiwa na povu la 2, kuliongezea povu jingine fupi la kutoka mabegani mpaka mapajani ni njia halali kabisa, tena isiyopasuka.

Ndiyo maana nasema, kama fedha ni ya kupimia, usiimalize yote kwenye mfuko. Mtu mwenye mfuko wa wastani juu ya kitandiko kizuri hulala. Mwenye mfuko wa kifahari juu ya mkeka wa mazoezi huamka na kiuno cha barafu, kisha analaumu bata.

Sasa manyoya na poliesta. Manyoya ninayosema ni yale laini ya kifuani, yasiyo na mti mgumu katikati, na kwenye lebo utaona namba kama 550, 650, 800. Namba hiyo inasema aunsi 1 ya manyoya, yaani gramu 28, ikifumuka hujaza inchi za ujazo ngapi. Ya 650 hujaza zaidi kidogo ya lita 10. Ya 800 hujaza lita 13. Wauzaji hupenda kukusukuma kwenye 800 na 900, na hapo ndipo bei inaporuka. Hebu tupige hesabu wenyewe. Ujazo unaopatikana kwa gramu 300 za manyoya ya 800 utaupata kwa gramu 370 za manyoya ya 650. Tofauti ni gramu 70. Mimi kwa gramu 70 sitoi fedha ya safari nzima, na wewe usitoe. Manyoya ya 600 mpaka 650 ndiyo mahali mtu wa kawaida anapopata haki yake. Chini ya 550 mfuko unaanza kuwa mzito kama wa poliesta bila faida yoyote. Tazama pia mgawanyo ulioandikwa, kwa mfano 90 kwa 10: ile 10 ni vipande vya manyoya magumu. Ukiona 50 kwa 50, umeuziwa mto.

Ubaya wa manyoya ni maji. Yakilowa hushikana madonge, ujazo unaanguka, na kuyakausha porini ni kazi ya siku nzima yenye jua. Yapo yaliyopakwa dawa ya kufukuza maji. Hiyo husaidia kwa unyevu mdogo, haiyageuzi kuwa mwavuli. Adui mkubwa wala si mvua, kwa sababu mvua unaiona ikija. Ni mvuke wa pumzi yako unaogeuka maji ukutani mwa hema na kudondokea miguuni, na ile tabia ya kuzika uso ndani ya mfuko na kupumulia humo mpaka asubuhi. Funga kofia ya mfuko uache pua nje.

Poliesta nayo isidharauliwe. Ikilowa huhifadhi sehemu ya joto, hukauka upesi, huoshwa bila masharti, na ni nafuu. Mojawapo ya aina nzuri za leo ina asili ya kijeshi: PrimaLoft ilibuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi la Marekani, lililotaka kitu cha kukaa mahali pa manyoya kisichoogopa maji. Unacholipa ni uzito, nafasi na umri. Mfuko wa poliesta wenye starehe ya 4 au 5 utakuwa na kilo 1.2 mpaka 1.4 na utachukua lita 10 au zaidi. Na kila unapoushindilia, viuzi vyake huvunjika kidogo. Baada ya misimu michache ya matumizi ya kweli ile namba ya lebo si yake tena. Manyoya yakitunzwa hukaa miaka mingi zaidi, na ukigawa bei kwa miaka, ule ulioonekana ghali huanza kuonekana vingine.

Kuhusu udogo, usiamini macho wala picha. Kila mtengenezaji hushindilia mfuko wake kwa nguvu anazozijua mwenyewe. Chukua vipimo vilivyoandikwa: nusu ya kipenyo izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa urefu, gawa kwa 1,000. Mfuko wenye kipenyo cha sentimita 18 na urefu wa 30 ni lita 7.6, yaani moja ya tano ya shanta lako. Kwa lita 38 nisingependa uvuke lita 8. Kuna siri ndogo hapa ambayo wabebaji wa siku nyingi wanaijua: mfuko ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe haukusaidii kupanga shanta, kwa sababu pembeni yake zinabaki nafasi tupu zisizoingia kitu. Afadhali uutie ndani ya mfuko usiopitisha maji, mkubwa kidogo kuliko unavyohitajika, uusukumize chini kabisa ya shanta, kisha vitu vingine viuminye juu yake. Utajaza kila kona wenyewe. Na usiukunje kwa mistari ileile kila siku; usokomeze tu ovyo ukianzia miguuni, hewa itoke upande wa juu.

Umbo halina mjadala mrefu. Lile la kubana miguuni na kupanuka mabegani, lenye kofia, ndilo linalotoa joto jingi kwa uzito mdogo. La mstatili ni la kulala kando ya gari. Ila jaribu ukiwa umelala ndani yake. Ukiwa mwembamba katika mfuko mpana, utapasha nafasi tupu usiku kucha. Ukibanwa mno, viwiko na magoti vitashindilia ujazo kutoka ndani na utahisi baridi mahali hapohapo. Urefu nao uangalie, maana ipo mifupi kwa watu wafupi, na sentimita 15 zisizokuwepo ni gramu ambazo hukuzibeba. Tazama kama nyuma ya zipu kuna mrija uliojazwa wa kuziba upepo. Mifuko mingi ya bei ya chini huuacha, na zipu tupu ni dirisha lililo wazi. Zipu fupi, ya kufika kiunoni, haina aibu. Kitambaa chembamba sana hupunguza uzito lakini kwa mtu anayeanza nailoni ya denia 20 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) inavumilia zaidi.

Utakutana pia na watu wanaosifia mfarishi, yaani kifuniko kisicho na mgongo, kinachofungwa kwenye godoro kwa kamba. Hoja yao ni ya kweli: kama ujazo wa chini unalaliwa tu, ya nini kuubeba? Utaokoa gramu 150 au 200, na fedha pia. Lakini anayegeukageuka huingiza upepo kila anapojigeuza, na kofia hakuna. Kwa mtu wa baridi kama wewe nisingeanzia huko. Shuka la ndani la hariri, gramu 120 au 150, ni jambo jingine: huongeza nyuzijoto 2 hivi na huzuia jasho na mafuta ya ngozi kufika kwenye manyoya. Ukiambiwa linaongeza 8, cheka uendelee.

Basi nichukue upi, unauliza. Wa manyoya, ikiwa 4 ni ya starehe. Kama bei hiyo inakufanya ukose kitandiko, usilazimishe: tafuta wa poliesta wa kilo 1.2 mpaka 1.4 wenye starehe ya 4, kubali utakula lita 10, na ile fedha iliyobaki nunua povu la R 2 na kipande chake cha nyongeza. Njia ya tatu ni manyoya yaliyokwisha tumika. Mfuko wa mkono wa pili utandaze, usubiri nusu saa ufumuke, kisha uuinue kuelekea kwenye mwanga. Vyumba vilivyo wazi kama kioo vimepoteza manyoya, na madonge yasiyoachana yamepata maji au mafuta. Harufu ya ukungu ikikupokea, rudisha. Kama mabonge ni machache na kitambaa ni kizima, kuufua kwa sabuni ya manyoya na kuukausha polepole kwenye mashine pamoja na mipira ya tenisi mara nyingi huurudishia uhai.

Usiku wa kwanza lala nao nyumbani dirisha likiwa wazi, au uani, juu ya kitandiko kilekile utakachobeba. Kula kitu kabla ya kulala, maana mwili unahitaji kuni. Vaa soksi kavu na kofia. Ile hadithi kwamba kulala uchi ndani ya mfuko kuna joto zaidi haina msingi, mradi nguo zisikubane. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ikiwekwa katikati ya mapaja, inashinda shuka lolote la hariri. Na ukishikwa na haja ndogo usiku, toka. Utarudi, utapata joto upesi, na utalala kuliko yule anayejibana mpaka alfajiri.

Ulichosikia kuhusu kubana ni kweli, kwa poliesta zaidi na kwa manyoya pia. Ukirudi safari, utoe mfuko siku hiyohiyo, uugeuze nje ndani, uutundike kivulini mpaka unyevu wote uishe, kisha uuhifadhi umelegea ndani ya gunia kubwa la pamba au ukining'inia kabatini. Ule mfuko mdogo wa kubania uuache ndani ya shanta, ndipo utakapoutafuta asubuhi ya kuondoka.